Barua kwa mwanangu: kochi la mahameli, kina chake na kilichomo ndani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma na picha ya kochi nimeiona. Umeniuliza mambo mawili: kama kina cha sentimita 75 si kingi mno kwa sebule yenu ya Embakasi, na kama mahameli itavumilia mtoto, vumbi na pilkapilka zenu za kila siku, kwa kuwa mkeo ana wasiwasi nayo. Unaniuliza mimi kwa sababu unajua nilivyokaa kwenye cherehani nikiwashonea mafundi wa makochi pale Ngong Road. Nakujibu kwa kirefu, maana jambo lenyewe nalipenda na pesa mtakazotoa si kidogo.

Nunueni. Shangazi zako watakwambia sebule ni ya wageni, na kwamba kochi la kujilaza ni uvivu. Usiwabishie, ila usiwafuate. Sisi tulikulia katika nyumba ambazo viti vizuri vilifunikwa na watoto wakaambiwa wakae mkekani, na mgeni mwenyewe alikuja mara moja moja. Wewe unarudi asubuhi kutoka zamu ya usiku wodini, miguu imevimba, na mtoto ndiyo kwanza ameamka anakutaka. Unahitaji mahali pa kulaza mgongo pasipo kufungiwa chumbani, mtoto akupande kifuani huku mama yake akiendelea na yake. Kochi la namna hiyo ni lenu kwanza, mgeni baadaye.

Sasa hizo sentimita 75. Kabla ya yote muulize muuzaji: zimepimwa kutoka wapi hadi wapi? Wengine hupima kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye mbao za nyuma, wengine hadi kwenye mto wa mgongo, na wengine hutaja upana wa kochi zima pamoja na maegemeo. Ni vitu vitatu tofauti kabisa. Kiti cha kawaida kina kina cha sentimita 50 hadi 55 mpaka mtu anapoegemea. Kikifika 60 na kuendelea, hicho sasa ni cha kujilaza.

Fanyeni hivi jioni moja nyumbani. Kaa sakafuni, mgongo na makalio yagusane na ukuta, miguu uinyooshe, kisha mkeo apime kutoka ukutani hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Halafu naye apimwe. Wewe umerithi urefu wa baba yako, sitashangaa ukipata 52 au zaidi. Mkaza mwanangu ni mfupi, huenda akapata 44. Ili mtu akae wima kwa raha, kiti kinatakiwa kiwe kifupi kuliko kipimo chake kwa upana wa vidole viwili vitatu, la sivyo ukingo unambana nyuma ya goti na damu haipiti vizuri. Kwenye 75 tupu, mkeo atakaa miguu ikining'inia mbele kama mtoto kanisani, au atabaki ukingoni bila kuegemea. Atachoka nalo kabla hujamaliza kulilipia.

Lakini msiliache. Agizeni 75 hadi kwenye mbao za nyuma, kisha mito ya mgongo iwe huru, isishonewe, yenye unene wa sentimita 20 hivi. Mito ikiwa mahali pake mnabaki na 55 ya kiti cha kawaida, anakaa mgeni, anakaa na mkeo akiongeza mto mdogo mgongoni. Ukitaka kulala unaitupa pembeni, na kochi linakuwa pana kama kitanda cha mtu mmoja. Kimo cha kiti kisishuke chini ya sentimita 42. Haya makochi ya kisasa yanapendwa yakiwa chini chini, ila bibi yako akija kutoka Mombasa na magoti yake, atakaa na hatainuka mpaka ashikwe mikono miwili. Kwa ajili yake wekeni kiti kimoja kigumu chenye mikono, kando. Heshima ya mzee ni kuinuka mwenyewe.

Na jambo ambalo wauzaji hawalitaji: stuli ya chai. Mgeni aliyezama kwenye kochi lenye kina kirefu hafikii kikombe. Ataegemea apoteze chai, au atakunywa chai akose kuegemea. Meza iwe karibu, sentimita 40 hivi kutoka ukingo wa kiti, na stuli ziwe za kuvutwa mpaka kando ya goti.

Nije kwenye kilichomo ndani, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pengine pote. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mahameli inafunika kila kitu, na inafunika vizuri kuliko kitambaa kingine chochote. Imepata kunijia kazi ya kushonea mahameli nzuri sana juu ya fremu ambayo mimi nisingekubali iingie nyumbani kwangu.

Kiti chenye kina kirefu kinadai zaidi kuliko kiti cha kawaida. Mikanda ya mpira au springi zinazoshika sponji zinatoka ubao wa mbele hadi wa nyuma; umbali huo ukiongezeka, katikati panabonyea zaidi kwa uzito uleule. Kwa hiyo mikanda inatakiwa ipite pande zote mbili, isukwe kama kitanda cha kamba, tena ipangwe karibu karibu. Kochi likizidi mita mbili kwa urefu, liwe na mguu wa ziada katikati kwa chini. Ukiona fundi ameweka miguu minne tu ya pembeni, mwambie aongeze.

Mbao ziwe kavu. Ubao mbichi ukikauka ndani ya nyumba yako unajipinda, misumari inalegea, na kochi linaanza kulia kila mtu akikaa. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya mbao ilipanda, na wewe utaonyeshwa mkaratusi kwa kuwa ni nafuu. Mkaratusi una nguvu, lakini ukiwa haujakaushwa hupasuka na kupinda vibaya. Saiprasi iliyokauka inatosha kwa fremu, mahogani ukiimudu. Maungio yatiwe gundi na skrubu, na kila kona iwe na kipande cha mbao cha kuishikilia. Kona iliyopigwa misumari mitupu ikatae.

Sponji usikubali kuuziwa kwa neno "heavy duty" peke yake, kila mtu analisema. Uliza uzito wake kwa mita ya ujazo. Ya kukalia iwe kilo 30 kwenda juu, na kwa kochi litakalolaliwa kila siku mimi ningetaka 35. Uzito na ugumu ni mambo mawili, mwanangu. Sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu ukiikalia dukani, na baada ya miezi ikawa shimo. Nzito inaweza kuwa laini na bado ikarudi mahali pake miaka mingi. Juu ya sponji fundi aviringishe pamba nyembamba ya poliesta ili mahameli ikae imejaa, isionyeshe makunyanzi.

Njia pekee ya kuyajua haya ni kufika kwa fundi siku ambayo fremu iko uchi. Patana naye kabla ya kutoa hela: unampa nusu kwa M-Pesa aanze kazi, unakuja kuangalia mbao na mikanda kabla hajaivika kitambaa, na salio analipata kochi likifika nyumbani. Fundi mzuri hatakasirika. Hilo la dukani uliloliona kwenye jengo la kifahari huwezi kuliona uchi, lakini fungua zipu ya mto uangalie sponji, inua upande mmoja wa mbele uone kama upande wa pili unainuka nao upesi au fremu inajinyonga kwanza, na uangalie chini, kwenye kile kitambaa cheusi kinachofunika tumbo la kochi. Kalieni, tena si kwa dakika moja. Vua viatu, lala, muuzaji akikukodolea macho mwache. Mkeo naye alale.

Mahameli yenyewe nimeiweka mwisho, na si kwamba naidharau. Hakuna kitambaa ninachokipenda zaidi mkononi. Hufumwa vitambaa viwili kwa pamoja, uso kwa uso, vikiunganishwa na nyuzi zinazopita katikati, kisha wembe unazikata nyuzi hizo na vinatengana. Zile ncha zilizokatwa ndizo unyoya unaoupapasa. Kwa sababu hiyo mahameli ina mwelekeo. Ukiupapasa upande mmoja inang'aa, ukirudisha mkono rangi inakolea. Kwenye kochi unyoya unatakiwa ulale kushuka chini kwenye mgongo, na kuja mbele kwenye kiti. Fundi anayetaka kubana kitambaa atageuza kipande kimoja, na mto mmoja utaonekana wa rangi nyingine mpaka siku ya mwisho wa kochi hilo. Utadhani umefubaa, kumbe umegeuzwa.

Ndiyo maana nataka kitambaa ukinunue mwenyewe, Eastleigh au Biashara Street, mita zote kutoka jora moja, kwa sababu majora mawili ya rangi ileile hayafanani yakiwekwa pamoja. Kochi la watu watatu la kawaida hula mita 10 hadi 12 hivi. Lenu, kwa kina chake na kwa kuwa mahameli haigeuzwi ovyo, fundi apige hesabu ya ziada, na kipande kikibaki mkihifadhi, kitawafaa siku ya kiraka.

Kwa nyumba yenye mtoto chukueni ya poliesta. Ya hariri si ya kujilaza, na ya pamba ni nzuri ila inashika doa na kuchujuka upesi. Kama muuzaji ana karatasi ya kiwanda, tafuta kipimo cha Martindale: kitambaa husuguliwa kwenye mashine mpaka kianze kuchakaa, nao wanahesabu mizunguko. Kwa kochi la kila siku nyumbani ningetaka 25,000 au zaidi.

Ile rangi ya kijani kilichokolea inavutia sana, najua. Ila mahameli ya rangi nzito inaonyesha kila uzi na kila chembe ya vumbi, na vumbi la Embakasi, la ule udongo mweusi likikauka, ni la kijivu. Kijani cha katikati, au rangi ya udongo wa mfinyanzi, itawapumzisha zaidi. Nawaachia wenyewe, maana rangi ni ya macho ya mwenye nyumba. Msilisogeze tu karibu na dirisha la magharibi. Nairobi iko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta, basi dirisha la kaskazini au la kusini hupumzika jua sehemu ya mwaka, lakini la magharibi linapigwa kila alasiri, Januari hadi Desemba, na rangi inaisha upande mmoja.

Mkeo mwambie hivi kuhusu mtoto. Chai ya maziwa au uji ukimwagika, asisugue hata kidogo. Agandamize kitambaa cheupe kikavu mpaka kinyonye, kisha kingine chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu tena. Mahali hapo pakishakauka apige brashi laini kufuata mwelekeo wa unyoya. Akisugua, unyoya unalala na doa linashuka kwenye sponji, na maziwa yakifika kwenye sponji harufu yake haitoki kirahisi. Palipolala kwa kukaliwa, mvuke wa pasi kwa mbali unapainua, bila pasi yenyewe kugusa. Hao vijana wanaokuja na mashine kuosha makochi majumbani ni wazuri, ila wasiitwe Aprili wala Julai. Sponji nene ikilowa kwenye mvua au baridi inakaa siku nyingi na unyevu, inaota ukungu. Waitwe Januari au Februari.

Vitambaa vya kufuma alivyowapa mama mkwe wako msivitandike juu ya mahameli. Vinateleza, na vilivyopigwa wanga vinaacha alama. Viwekeni kwenye meza na stuli, akija avione afurahi. Mtoto akila kwenye kochi, tandikeni leso.

Mwisho ni ngazi zenu. Ghorofa ya nne bila lifti, na ile kona nyembamba ya ghorofa ya pili ambapo friji ilikwama. Kochi lenye kina hicho, na maegemeo yake, linaweza kufika zaidi ya mita moja, na mlango wenu haufiki huko. Mwambie fundi alitengeneze vipande viwili vinavyoungana kwa boliti, miguu ya kufungua. Pima mlango, pima kona, pima na kimo cha dari hapo kwenye kona kwa sababu kochi litasimamishwa wima kupita. Vipimo hivyo mpe fundi kwenye karatasi kabla hajakata ubao wa kwanza.

Jumamosi ijayo nina nafasi. Nipitieni asubuhi twende pamoja Ngong Road, tuanzie karibu na Dagoretti Corner, kuna mafundi wawili huko ambao kazi yao naifahamu kwa ndani. Mkeo aje pia, asibaki na mtoto, tutambeba. Na uje na vile vipimo vyenu viwili vya ukutani.

Mama yako