Kabla hujaishika kabureta, fungua distribuita

Kwa wiki tatu nililisumbua gari langu bure. Ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1971, yenye kabureta moja ya Solex 34 PICT-3. Ugonjwa wake ulikuwa huu: linawaka vizuri, sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, lakini ukikanyaga mafuta uondoke, linajikwaa kwanza kama mtu aliyeamshwa ghafla, ndipo livute. Mlimani halina nguvu kabisa. Nikasema hii ni kabureta, nikachukua bisibisi.

Nikawa nazungusha skrubu nusu raundi, naingia barabarani, narudi, nazungusha tena. Nikaifungua kabureta yote, nikapuliza jeti kwa upepo, nikaweka gesketi mpya. Gari likazidi kunywa mafuta na plagi zikawa nyeusi tii kwa masizi. Siku nilipofungua kifuniko cha distribuita, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, tena kwa kukata tamaa tu, nikakuta pointi, vile vibati viwili vinavyoachana ndipo cheche iruke, haziachani ipasavyo. Wembe ungepita kwa shida. Na kosa lilikuwa langu: nilipofunga pointi mpya sikupaka grisi kwenye kemu ya distribuita, ule mhimili wenye pembe unaozifungua. Kile kipande cha plastiki kinachosuguana na kemu kikalika upesi. Kikilika, uwazi wa pointi unapungua na cheche inachelewa. Cheche ikichelewa, injini inakosa nguvu na kupata joto, na fundi wa kubahatisha kama mimi anakimbilia kuongeza mafuta.

Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja: valvu, pointi, taimingi (wakati wa cheche kuruka), halafu kabureta. Ukigusa pointi, taimingi inahama, lakini ukigusa taimingi, uwazi wa pointi unabaki palepale. Kabureta nayo unaipanga kwa kusikiliza sailensi, na sailensi hupanda ukiwahisha cheche na kushuka ukiichelewesha. Sasa utajuaje unachokisikia ni mafuta au ni cheche?

Valvu ni kazi ya injini iliyopoa kabisa. Kwa injini hii uwazi wake ni 0.15 mm, yako itazame kitabuni.

Pointi ndizo zinazotaka subira. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya pulei mpaka kile kipande cha plastiki kikae juu kabisa ya pembe ya kemu, kisha pima uwazi: 0.4 mm. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ipite ikikwaruza kidogo, isisukumwe. Ifute kwanza, maana mafuta yakibaki kwenye pointi yataziunguza. Pointi zilizozeeka huota kimlima upande mmoja na kishimo upande wa pili, na geji itapima kile kimlima ikudanganye. Hizo tupa. Na tafadhali, chembe ya grisi kwenye kemu, ukubwa wa punje ya mchele, isizidi.

Kwenye taimingi watu hupenda kuuliza, "Gari la mwaka fulani ni nyuzi ngapi?" Swali hilo halitoshi. Namba inafuata distribuita iliyofungwa, na magari haya yamepita mikono mingi. Yangu ilikuwa na Bosch 009, ambayo haina bomba la vakyumu (mfyonzo wa hewa wa injini) la kuwahisha cheche; inategemea vizito vya ndani vinavyofunguka kadiri injini inavyokimbia. Kwa hiyo niliipanga injini ikiwa kwenye mizunguko kama 3,500 kwa dakika, taa ya taimingi ikionyesha nyuzi 30 kabla pistoni haijafika juu. Usipitilize kwa kutamani nguvu. Cheche ikiwahi mno injini inagonga, na hii inayopozwa kwa hewa ina kelele kiasi kwamba huenda usisikie kugonga kwake mpaka pistoni iwe imetoboka.

Huna taa hiyo? Chukua balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche) upande unaokwenda kwenye distribuita, mwingine kwenye bodi. Weka alama ya pulei mahali pake, washa swichi bila kupiga stata, kisha zungusha distribuita polepole. Pale balbu inapowaka ndipo pointi zinaachana, ndipo cheche inaporuka. Kwa 009 hiyo ni nyuzi 7.5 kabla ya juu. Inatosha kukufikisha safari.

Nguvu za mlimani zilirudi siku hiyohiyo. Kule kujikwaa kulipungua lakini hakukuisha, nikakaribia kuirudia bisibisi. Nikajizuia. Ukikanyaga mafuta ghafla, hewa inaingia nyingi kuliko petroli, na mchanganyiko mwepesi huungua polepole, kwa hiyo unataka cheche iwahi. Vakyumu inaiwahisha papo hapo. Vizito vinangoja injini ikimbie kwanza, na wewe unataka iondoke sasa. Nilipofunga distribuita ya vakyumu inayoendana na kabureta yangu, na kuipanga kwa namba zake yenyewe, kujikwaa kuliisha.

Ndipo nikaifikia kabureta, na ilinichukua dakika kumi. Injini iwe ya moto, choki imefunguka yote, na uwe mahali pa wazi kwa sababu moshi unaua. Kwenye 34 PICT-3 kuna skrubu mbili ubavuni. Ile kubwa inapitisha hewa na ndiyo ya kupandisha na kushusha sailensi. Ndogo ni ya mchanganyiko. Ile ya kwenye mkono wa kebo usiitumie kupangia sailensi. Anza kwa kuifunga ndogo, kisha ifungue raundi mbili na nusu. Weka mizunguko 850 kwa ile kubwa, rudi kwenye ndogo, itafute sehemu ambapo injini inakimbia zaidi na kwa ulaini, kisha ifunge kidogo mpaka mizunguko ishuke kama 25. Malizia kwa kubwa kurudi 850. Kama skrubu ndogo haibadilishi chochote hata ukiizungusha, acha, tafuta hewa inapovujia.

Unapoifunga hiyo ndogo, tumia vidole viwili na uishie ikigusa tu. Ya kwangu ya zamani ninayo kwenye boksi la spana. Ncha yake ina mfereji mzunguko mzima, kama pete, kumbukumbu ya zile wiki tatu.