Jibu: Nungwi hadi Nairobi kwa ndege

Ndugu, umeuliza kama saa tatu zinatosha kutoka hoteli ya Nungwi, kaskazini mwa Zanzibar, hadi kupanda ndege ya Nairobi, na kama safari fupi namna hiyo inadai pasipoti.

Kwa maoni yangu saa tatu ni chache. Ingawa angani hutumii zaidi ya saa moja na kitu, barabara ya kutoka Nungwi hadi Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume hupita katikati ya vijiji, ambako dereva hulazimika kupunguza mwendo kila mara, na huweza kukuchukua saa moja na nusu. Ukiongeza muda wa kukabidhi mizigo na kupita uhamiaji, ni busara kuondoka saa nne na nusu kabla ya ndege kuruka.

Pasipoti ni lazima, kwa kuwa unavuka mpaka wa nchi. Raia wa Afrika Mashariki haombi viza ya Kenya, lakini ukikusudia kurejea Zanzibar baadaye, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa.

Mifuko ya plastiki iache hotelini, maana Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Ukipewa nafasi ya kuchagua kiti, omba cha dirishani upande wa kushoto: mawingu yakiruhusu, utauona Mlima Kilimanjaro vizuri, na kwangu hilo pekee linatosha kuacha kusinzia.