Gemu ya zamani inajifunga ikifunguliwa tu: angalia kwanza ni faili gani limeanguka

Swali: Mkuu habari. Nina gemu ya mwaka 2003, CD orijino, niliicheza sana enzi za Windows XP. Sasa nimeiinstoli kwenye kompyuta mpya ya Windows 11 yenye kadi ya grafiki ya GB 8, inaingia vizuri tu ila nikiifungua skrini inakuwa nyeusi kama sekunde mbili halafu narudishwa desktopu, hakuna ujumbe wala nini. Nimeweka kompatibiliti ya XP, nimeitoa na kuirudisha mara tatu, bado. Kuna jamaa kaniambia nitafute DLL mtandaoni nizitupie kwenye System32. Nifanyeje?

Jibu: Salama mkuu. Nianze na hapo mwisho maana ndo panaponitia wasiwasi, tafadhali usitupie DLL yoyote (faili la msaada ambalo programu huazima kazi kutoka kwake) kwenye System32, folda ya mfumo wa Windows. Kwanza hujui nani kaitengeneza na kaweka nini ndani yake. Pili hata ingekuwa safi isingekusaidia, kwa sababu kwenye Windows ya biti 64 (aina ya sasa, programu za zamani ni za biti 32) folda ya System32 inakaa faili za biti 64, na zile za biti 32 zinakaa SysWOW64, najua majina yamekaa kinyume na mtu anavyotegemea lakini ndivyo yalivyo. Gemu yako ya 2003 ni ya biti 32, ikiomba kitu System32 Windows yenyewe inaipeleka SysWOW64 kimyakimya, kwa hiyo hiyo DLL wala haitaiona. Na ukikosea ukaweka ya biti 64 upande wa SysWOW64 ndo unaanza kuletewa ile eror ya 0xc000007b, yaani umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kuitoa na kuirudisha mara tatu pia hakujabadilisha chochote kwa sababu faili za gemu hazijaharibika, kilichobadilika ni mazingira. Na kompatibiliti ya XP watu wanaitegemea kupita uwezo wake, ile inaidanganya gemu kuhusu toleo la Windows na kurekebisha tabia kadhaa za mfumo, ila kitu ambacho Windows ilishakiondoa haiwezi kukirudisha.

Sasa badala ya kubahatisha tuiulize kompyuta yenyewe. Umesema hakuna ujumbe, kwenye skrini ni kweli haupo, lakini programu ikianguka Windows karibu kila mara inaandika pembeni. Fungua gemu, iache ijifunge, angalia saa. Halafu bonyeza kitufe cha Windows andika Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha Application, tafuta alama nyekundu ya dakika ileile ambayo chanzo chake kimeandikwa Application Error. Ndani yake kuna mistari mingi ya kutisha, wewe soma miwili tu, Faulting module name na Exception code. Huo wa kwanza ndo jina la faili lililoanguka, na hilo jina lina thamani kuliko ushauri wote uliopewa mpaka sasa, na wangu pia.

Ukikuta ddraw.dll, d3d8.dll au d3d9.dll, ugomvi uko kwenye DirectX ya zamani (mfumo wa Microsoft ambao gemu hutumia kuongea na kadi ya grafiki), na kwa dalili ulizoeleza mimi naweka uzito mkubwa hapa. Skrini kuwa nyeusi maana yake gemu ilishaanza kabisa, imeomba kushika skrini nzima, na imedondoka pale inapoongea na kadi ya grafiki. Dawa ninayoitumia ni programu ya bure inaitwa dgVoodoo 2, inachukua maagizo ya DirectX ya zamani na kuyatafsiri kwenda Direct3D 11 au 12 (sehemu ya picha ya DirectX mpya) ambayo kadi yako inaielewa vizuri. Ichukue kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe tu. Ukiifungua ingia folda ya MS, halafu x86 (sio x64, kumbuka gemu ni ya biti 32), kopi faili zilizomo uziweke ndani ya folda ya gemu, palepale lilipo faili la exe linaloanzisha gemu. Hizi hazigusi Windows kabisa, zinakaa na gemu yenyewe, ukitaka kurudi nyuma unazifuta tu na hiyo ndo tofauti yake na ule ushauri wa System32. Halafu kopi na dgVoodooCpl.exe uiweke hapohapo, ifungue, nenda kwenye sehemu ya DirectX, na pale kwenye kiasi cha memori ya kadi weka MB 256.

Hiyo 256 nina sababu nayo. Kuna gemu za wakati ule zinauliza kadi ina memori kiasi gani na jibu zinalihifadhi kwenye namba ya biti 32 inayokubali alama ya kutoa, na namba ya namna hiyo mwisho wake ni 2,147,483,647, yaani kasoro baiti moja tu kufika GB 2. Ikipewa zaidi ya hapo inaweza kugeuka kuwa hasi, gemu inaona kadi yako nzuri ya GB 8 ina memori chini ya sifuri, zingine zinakwambia memori haitoshi na zingine zinajifunga tu bila kusema. Waliotengeneza sio kwamba walikuwa wazembe, kadi ya MB 128 mwaka 2003 ilikuwa kadi ya kujivunia.

Kama Windows ilikwambia kuna faili halipo, mfano d3dx9_ ikifuatiwa na namba, au eror ni 0xc0000135, hapo ni kitu kimekosekana kweli. Windows 11 inakuja na DirectX 12 ila zile faili za D3DX9 hazimo ndani yake, unazipata kwenye kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 cha Microsoft wenyewe. Wengi wanakosea hapa, ukilifungua faili ulilopakua linakuuliza folda ya kutolea vitu halafu linanyamaza, mtu anadhani kamaliza. Hujamaliza, ingia kwenye hiyo folda uendeshe DXSETUP. Haitashusha DirectX 12 yako, zinakaa pamoja bila shida.

Ukikuta jina lenyewe ni exe ya gemu na kodi ni 0xc0000005, gemu imegusa sehemu ya memori ambayo hairuhusiwi. Sababu hapo ni nyingi, naanza na rahisi: futa au badili jina faili la setingi la gemu, mara nyingi ni la ini au cfg, ili ijitengenezee jipya. Hamisha gemu kutoka Program Files uiinstoli kwenye C:\Games, kwa sababu tangu Windows Vista gemu hairuhusiwi kuandika Program Files bila ruhusa, na za zamani zimezoea kuandika sevu zao palepale zilipo. Kama kuna folda ya video za mwanzo badili jina lake kwa muda, video ya utangulizi inayohitaji kodeki ya zamani (programu ya kusoma video) inaweza kuua gemu nzima. Na angalia kama kuna spika au hedifoni imechomekwa, usicheke, niliwahi kumaliza jioni nzima nikibadilisha kila kitu kwenye gemu moja kumbe ilikuwa inadondoka kwa sababu haikuona kifaa chochote cha sauti. Nilipochomeka hedifoni ikafunguka mara moja.

Jina likianza na nvoglv au atiogl, hiyo ni draiva (programu inayoendesha kadi) ya OpenGL, njia nyingine ya kuchora picha tofauti na DirectX, kuna gemu zilizojengwa juu ya injini ya gemu ya Quake III ambazo zinaanguka kwa sababu kadi mpya inataja orodha ndefu mno ya uwezo wake na gemu iliitengea nafasi ndogo. Angalia kama kuna pachi, yaani faili la marekebisho, ya gemu yako.

Halafu kuna ile hali ya Event Viewer kutokuwa na kitu kabisa. Hapo gemu haijaanguka, imejifunga yenyewe, na kwa CD ya mwaka 2003 mshukiwa wangu ni ulinzi wa CD. Nyingi zilitumia SafeDisc, ambayo ilitegemea draiva inaitwa secdrv.sys. Hiyo draiva ilikutwa na tundu la usalama mwaka 2007, Windows 10 ilipotoka 2015 ikaachwa nje, na Septemba mwaka huohuo apdeti ikaizima kwenye Vista, 7 na 8 pia. Kwa hiyo CD yako orijino uliyoitunza vizuri miaka yote hii inakataliwa kama feki, na kiukweli hilo linaniuma kila nikikutana nalo. Mara nyingi ikiwa ni hii hata ile skrini nyeusi usingeiona, ndo maana nimeiweka mwisho. Usijaribu kuirudisha draiva kwa nguvu, maana ile inakaa ndani kabisa ya mfumo, ni kufungua mlango kwa ajili ya gemu moja. Tafuta pachi rasmi ya mwisho ya gemu, baadhi ya watengenezaji waliondoa ukaguzi wa CD wenyewe, au angalia kama inauzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, hawa wanauza gemu za zamani bila ulinzi wa aina hiyo na wanazirekebisha ziende na Windows za sasa.

Kwa hiyo leo anza na Event Viewer, halafu dgVoodoo na ile MB 256. Jambo moja zaidi, kabla ya kujaribu zima kwanza programu zozote zinazoandika juu ya skrini ya gemu, zile za kuonyesha FPS (idadi ya picha kwa sekunde) au za kupiga soga. Ikigoma niletee jina la gemu, jina la hilo faili lililoanguka na ile kodi kama ilivyoandikwa, tuendelee kuanzia hapo.