Sampuli za vinasaba (DNA) baada ya maafa: maswali ya wasomaji

Miili ya wafuasi wa dhehebu lililohimiza kufunga hadi kufa, iliyofukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia Aprili 2023, ilikaa karibu mwaka mzima ndipo familia za kwanza zikakabidhiwa wapendwa wao. Kwa nini ikachukua muda wote huo?

Miili ilizidi 400, na mingi ilikuwa imekwisha kuoza. Joto, unyevu na bakteria ndivyo vinavyokatakata vinasaba. Maiti ikiwa bado mbichi, kipande cha msuli wa ndani kinatosha, nacho hugandishwa au, pasipo na umeme wa kutegemewa, huzamishwa katika alkoholi au chumvi nyingi. Ikishaoza, mtaalamu huchukua gego lisilotoboka au kipande cha mfupa wa paja, ambao tabaka lake gumu hukinga chembe zilizomo. Lakini mfupa huo sharti usafishwe, usagwe uwe unga na uondolewe kalsiamu, kazi inayoweza kula siku kadhaa. Hata hapo, matokeo yake ni bure bila sampuli ya jamaa ya kulinganisha nayo, na Shakahola zipo familia zilizofiwa na wazazi pamoja na watoto.

Dawa ya maiti haitoshi kuhifadhi sampuli?

Haifai kabisa. Formalini, ndiyo dawa yenyewe, huzuia kuoza, lakini huharibu vinasaba vyenyewe. Sampuli ichukuliwe kwanza, ndipo mwili upigwe dawa.

Ndugu yangu hajapatikana. Nikatoe sampuli mimi au mama? Na nguo zake nizipeleke?

Aende mama, na baba kama yupo. Wakikosekana, watoto wa ndugu yako pamoja na mzazi wao wa pili. Ndugu mmoja hutoa jibu dhaifu, kwa kuwa ndugu hawarithi vipande vilevile, basi nendeni wawili au watatu. Kijiti cha pamba kilichosuguliwa ndani ya shavu hukaushwa na kutiwa katika bahasha ya karatasi, kwani nailoni hufuga unyevu. Mswaki wake unashinda nguo zilizofuliwa, mradi hakuuchangia na mtu.

Tukishawazika wasiotambuliwa, sampuli zao zitunzwe za nini?

New York, watu 2,753 waliuawa katika majengo pacha mwaka 2001. Wawili kati yao walitambuliwa mwaka 2023, kwa mabaki yaliyohifadhiwa yakingoja mbinu bora zaidi. Kwetu mimi nahofia daftari kuliko jokofu: namba ya sampuli iwe ndiyo ya mwili na ya kaburi, la sivyo jibu litapatikana na familia isijue ifukue wapi.