Mvua nyingi au mvua kubwa? Swali kutoka Ahero

SWALI: Kila wiki mimi huutafsiri utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa na kuutuma kwa wakulima wenzangu wa mpunga. Wiki moja ya Aprili niliandika hivi: "Wiki hii ya majira ya kuchipua kutakuwa na mvua nyingi sehemu kadhaa, na usiku wa Jumatano mvua kubwa na umeme." Wengine wakajiandaa Jumanne, wengine Jumatano, na wengine wakauliza kama "nyingi" na "kubwa" si kitu kimoja. Kosa liko wapi? — Msomaji, Ahero, Kaunti ya Kisumu

JIBU: Sentensi yako ina matatizo manne au matano, lakini zito zaidi ni hilo la nyingi na kubwa, kwa hiyo tuanze nalo.

"Mvua kubwa" ni nguvu ya mvua inayonyesha kwa muda fulani. "Mvua nyingi" ni jumla ya maji yaliyoanguka. Manyunyu ya wiki nzima yanaweza kuleta mvua nyingi bila mvua kubwa kunyesha hata mara moja, na alasiri moja ya mvua kubwa inaweza kufuatwa na siku sita kavu, wiki ikaisha kwa mvua kidogo. Isitoshe, "nyingi" ina maana mbili, kwa sababu umoja na wingi wa mvua ni neno lilelile. Ukisema "mvua nyingi itanyesha" unazungumzia wingi wa maji. Ukisema "mvua nyingi zitanyesha" unahesabu mvua zenyewe. Wewe umeandika "kutakuwa na", na kiambishi ambacho kingetuonyesha ulikusudia ipi hakipo.

Katika utabiri wa wiki, Idara hupima kwa milimita katika muda wa saa 24. Chini ya milimita 5 ni mvua ndogo, 5 hadi 20 ni ya kiasi, ikizidi 20 ni kubwa, na ikizidi 50 ni kubwa sana. Hiyo ya katikati wengi huiita "mvua ya wastani". Mimi siipendi, maana "wastani" tayari lina kazi nyingine: utabiri wa msimu hutuambia kama mvua itapita wastani wa miaka mingi au itapungua. Mkulima akisoma "mvua ya wastani wiki hii" anaweza kudhani ni ile iliyozoeleka kila Aprili, ambayo huku kwetu si haba. "Mvua ya kiasi" haina utata huo.

Tarakimu yenyewe usiiache nje. Milimita 1 ni lita 1 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mabati la mita 6 kwa 10 likipata milimita 20 limepokea lita 1,200. Mwenye tangi la lita 1,000 hapo hahitaji kuelezwa maana ya "kubwa".

Sasa "sehemu kadhaa". Katika lugha ya utabiri, sehemu chache ni chini ya asilimia 33 ya eneo, kadhaa ni kati ya 33 na 66, na nyingi ni zaidi ya hapo. Lakini msomaji wa kawaida akiona "kadhaa" hafikirii nusu ya kaunti. Anafikiria vijiji vitatu vinne. Andika "karibu nusu ya eneo letu". Hakikisha pia kila sifa imekaa karibu na nomino yake: "mvua kubwa sehemu chache" na "mvua ndogo sehemu nyingi" ni tabiri mbili tofauti kabisa, na mtu anayesoma kwa haraka kwenye simu huzichanganya.

Kuhusu usiku wa Jumatano, pande zote mbili zilikuwa na haki. Kwa hesabu ya Waswahili siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Jumatano hutangulia mchana wa Jumatano. Kwa kalenda ya shule na ofisi, usiku huohuo ni wa Jumanne. Dawa yake ipo na ni ya zamani: "Jumanne usiku kuamkia Jumatano". Ni ndefu, lakini hakuna atakayekuuliza tena. Kando ya Ziwa Victoria jambo hili si dogo. Mchana upepo hutoka ziwani ukisukuma unyevu kuelekea vilima vya Nandi na Kericho, ndiyo maana nchi kavu hunyeshewa sana alasiri; usiku upepo hugeuka, na dhoruba nyingi huwa ziwani kwenyewe mpaka alfajiri. Mvuvi akikosea usiku mmoja, amekosea pakubwa.

"Majira ya kuchipua" waachie Ulaya. Machi hadi Mei huku ni masika, na neno hilo linatosha. "Mvua ndefu" nalo ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "long rains". Mvua haina urefu.

Kosa jingine halimo katika sentensi yako ila hutokea sana katika tafsiri hizi: "magharibi mwa" na "magharibi ya". Kakamega iko magharibi mwa Kenya, yaani ndani ya Kenya. Lakini nyanda za juu za Kericho na Nandi ziko magharibi ya Bonde la Ufa, yaani nje ya bonde, upande wake wa magharibi. Ukiandika "mwa" hapo, umeishusha Kericho bondeni na kuiweka pamoja na Nakuru.

Ningeuandika ujumbe wako hivi:

"Jumanne hadi Alhamisi, mvua ya kiasi, milimita 5 hadi 20 kwa siku, inatarajiwa kunyesha alasiri katika karibu nusu ya eneo letu. Jumanne usiku kuamkia Jumatano, huenda mvua kubwa ya zaidi ya milimita 20 ikanyesha katika sehemu chache, pamoja na radi. Mvua kubwa inatarajiwa pia Nandi na Kericho. Walio karibu na mto Nyando wajihadhari na mafuriko hata kama Ahero kwenyewe kutakuwa kukavu."

Hiyo sentensi ya mwisho ni lazima Ahero, maana maji yanayofurika nyanda za Kano, ambako Ahero ipo, mara nyingi yamenyesha kwingine. Angalia pia "inatarajiwa" na "huenda": ya kwanza ina uhakika zaidi, ya pili ni ya tahadhari. "Itanyesha" tupu usiitumie. Huo si utabiri tena, ni ahadi.

Na umeme? Umeme humulika, ngurumo husikika, radi hupiga. Anayeua ng'ombe chini ya mti ni radi, kwa hiyo katika tahadhari andika radi. Ukiandika "Jumatano kutakuwa na umeme", kuna nyumba zitakazofurahi na kuchomeka simu.