Mstari wa kukatia na mstari wa kukatwa

SWALI: Nafundisha uchoraji wa ramani za nyumba kwa kompyuta katika chuo cha ufundi, Morogoro. Tunatumia AutoCAD. Duara likichorwa likaingia ndani ya mstatili, wanafunzi hutumia amri ya TRIM kuondoa kipande kisichotakiwa, na mara nyingi inagoma. Mimi huwaambia: "Kata mstari. Kama haukatwi, basi mistari haijaingiliana." Kila mmoja ananielewa kivyake. Je, niseme "kata", "punguza" au kuna neno jingine? Na hayo maumbo tuseme "yamepishana", "yamepandana" au "yameingiliana"?

JIBU: Mwalimu, umeuliza neno moja lakini sentensi yako ina matatizo mawili matatu, na kubwa liko pale unapodhani mambo ni mepesi: "Kata mstari." Mstari upi? Amri ya TRIM ina pande mbili, wa kukata na wa kukatwa. Kabla ya AutoCAD 2021 utaratibu wa kawaida ulikuwa kuchagua kwanza kingo zinazokata, kubonyeza Enter, ndipo uguse kinachoondolewa. Toleo la 2021 lilileta njia ya haraka, ambayo kila mstari uliopo unaweza kuwa ukingo, ila ule utaratibu wa zamani bado unapatikana humo ukiweka kigezo cha TRIMEXTENDMODE kuwa 0. Anayefuata utaratibu huo akigeuza mpangilio, ama hakitokei kitu ama unaondoka mstari aliotaka ubaki.

Kiswahili kinatenganisha pande hizo ndani ya kitenzi chenyewe. Tunasema kisu cha kukatia na nyama ya kukatwa, wala hakuna mtoto anayevichanganya. Basi mwambie mwanafunzi: "Chagua mstari wa kukatia, bonyeza Enter, kisha gusa kipande cha kukatwa." Hapo mwisho nimesema kipande kwa makusudi. Programu huondoa upande ule ulioguswa, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo anayesikia "gusa mstari" atagusa popote na kupoteza upande aliouhitaji.

Sasa "haukatwi". Ukisema "mti huu haukatwi", msikilizaji anaelewa kuna katazo. Ukisema "haukatiki", anaelewa mti umeshindikana. Tofauti hiyo itakufaa sana darasani. Mstari ulio kwenye leya (tabaka la mchoro) iliyofungwa haukatwi: kuna mtu ameufunga, na dawa ni kuifungua leya. (Unaweza kutumika kukatia, lakini wenyewe haukatwi.) Mstari ulio ndani ya bloku, yaani mistari iliyounganishwa kuwa kitu kimoja, mathalani mlango uliopachikwa kwenye ramani, haukatiki mpaka bloku ifumuliwe kwa EXPLODE. Nasema "ifumuliwe" kwa sababu ndicho kinachofanyika: kilichounganishwa kinarudi kuwa vipande vyake. "Ilipuliwe" humfanya mwanafunzi aogope kuharibu kazi.

Maneno ya kukutana ndiyo yanayotaka uangalifu kuliko yote. Watu wawili wakipishana njiani, kila mmoja ameshika njia yake. Mistari nayo hupishana. Kwenye ramani inayotazamwa kutoka juu, mstari wa sakafu na mstari wa dari huonekana kama msalaba, kumbe mmoja uko mita tatu juu ya mwingine. Kwa kawaida TRIM haijali. Huitandaza yote kwenye bapa moja na kukata. Lakini chaguo la amri hiyo liitwalo Project likiwekwa None, hukatwa ile inayokutana kwelikweli tu. Mwanafunzi akikwama hapo, "mistari yako imepishana, haijakatana" ni jibu kamili. Kwa sababu hiyo nakusihi usitumie "kupishana" kwa maumbo yanayoingia moja ndani ya jingine. Utakuwa umelitumia vibaya neno utakalolihitaji baadaye.

Duara na mstatili wako vimekatana, kwa maana kila kimoja kimepita katikati ya kingo za mwenzake. Ukitaka kusema juu ya eneo lililofunikwa mara mbili, "kupandana" linatosha, kama tunavyosema meno yamepandana. Najua kwa wafugaji lina maana nyingine na darasa la vijana litacheka siku ya kwanza. "Kuingiliana" nalo lina maana hiyohiyo kwa binadamu, tena ni pana mno, halikuonyeshi mistari imegusana wapi. "Kulaliana" liweke kwa mstari uliochorwa mara mbili mahali palepale. Mwanafunzi anakata, kipande kinaonekana bado kipo, anadai amri imegoma, kumbe kilichobaki ni cha mstari wa chini. Amri ya OVERKILL huondoa marudio hayo.

Kuna pia mstari ulioishia unywele mmoja kabla ya mwenzake. Huo "haujafika". Ukisema "haufiki" umemkatisha tamaa, kana kwamba hata ukirefushwa hautafika. Hiyo ni hali ya mistari sambamba. Usiofika bado una tiba: chaguo la Edge likiwekwa Extend, programu huuhesabu mstari wa kukatia kana kwamba umeendelea mbele.

Na ule ujumbe ambao AutoCAD hutoa TRIM ikigomea duara, kwamba duara lazima likatwe mara mbili, ninauona ndio unaopotosha zaidi ukitafsiriwa hivyo, kwa sababu mwanafunzi hurudia amri mara ya pili. Sema "duara sharti likatwe mahali pawili". Duara halina ncha, na ukilikata mahali pamoja hakuna kipande kinachotengana.

Kuhusu "kata" na "punguza": menyu za Kiswahili za simu na kompyuta tayari zimelichukua "kata" kwa kukata na kubandika, na "punguza" humfanya mtu afikirie kudogosha umbo zima. Jina la amri kwenye vitini vyako ningeliandika "pogoa", maana anayepogoa huondoa tawi na shina likabaki. Kwa mdomo, "kata kilichozidi" litaeleweka na kila fundi.

Jambo dogo la sarufi: duara ni la ngeli moja na mstari ni wa nyingine, kwa hiyo vikitajwa pamoja sema "duara na mstari vinakatana".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Chagua mstari wa kukatia, kisha gusa kipande kilichozidi. Kisipokatika, angalia kwanza kama leya imefungwa au kipande kimo ndani ya bloku. Halafu kuza picha uone kama mistari imekatana, imepishana au haijafika."