Kabla Hujalaumu Programu, Uliza Mtego Ulifungwa Lini

Wiki hii kijana mmoja mwanajiolojia kaniandikia. Modeli yake ya kompyuta ya bonde la mashapo chini ya bahari ya kina kirefu ilionyesha mtego, yaani umbo la miamba linalozuia mafuta yasipande zaidi, umejaa mafuta pomoni. Kisima kikachimbwa, wakakuta maji na dalili za mafuta yaliyowahi kuwepo. "Kaka, nihamie programu gani?"

Mdogo wangu, tulia. Hata ile ghali kuliko zote ingekupeleka kwenye maji yale yale, ila kwa rangi za kupendeza zaidi.

Najua wengi mnaosoma hapa mnaitamani siku ya kusimama mbele ya mabosi na kusema mafuta yaliingia lini, yakitokea wapi. Mimi nilishasimama. Tulikuwa na mchanga safi ulioporomoshwa na mikondo ya tope hadi sakafu ya bahari, juu yake kifuniko cha mfinyanzi, chini mwamba chanzo, ule unaopikwa na joto ukatema mafuta, wenye kerojeni ya kutosha (mabaki ya viumbe yanayogeuka mafuta). Kila mtu alitaka mafuta. Wenzangu walichukua joto linalotoka ardhini leo, wakalirudisha nyuma vivyo hivyo mpaka bonde lilipozaliwa. Vipimo vya joto vya visima vya jirani vikalala juu ya mstari wao, watu wakapongezana.

Nikawaambia vipimo hivyo vinashuhudia leo tu. Bonde lile lilizaliwa bara likivutwa na kupasuka, na tangu mwanajiofizikia McKenzie aandike mwaka 1978 inajulikana kuwa gamba la dunia likikonda namna hiyo joto hupanda, kisha hupoa kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Nikaliingiza joto hilo la zamani, nikakokotoa mng'ao wa vitriniti, chembe za mimea ya kale zinazozidi kung'aa kadiri mwamba unavyoiva kwa joto, kwa njia ya watafiti Sweeney na Burnham ya 1990. Mwamba chanzo ulivuka mng'ao wa asilimia 1.3, mahali mafuta yanapoishia, kabla mtego haujafungwa. Mafuta yalishatemwa yakapita zake, iliyobaki ya kuingia ni gesi. Na vitriniti ya kisima cha jirani ilikuwa upande wangu, maana yenyewe haisahau joto kali ililowahi kupata, hata mwamba ukipoa.

Ukurasa wangu ukaondolewa kwenye wasilisho. Hawakujisumbua hata kupanga namba upya: baada ya 14 ikaja 16. Kisima kikatoa gesi kavu, na hakuna aliyeniambia hata "ulisema". Miaka imepita, lakini ile 16 bado naiona.

Basi sikilizeni. Anza na saa, si ramani. Mtego ulifungwa lini, na mwamba chanzo ulitema lini? Hayo mawili yasipokutana, mengine yote ni mapambo.

Halafu kina. Kisima cha mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye maji ya mita 2,000, mwamba wake wa chini umezikwa mita 2,500 tu. Chini baharini ni kama nyuzijoto 4 za Selsiasi. Ongeza 30 kwa kila kilomita ya mashapo, unapata 79. Mtu akianza kuhesabu kutoka juu ya maji anaivisha mwamba ambao bado mbichi. Wala usiiweke 4 hiyo kwa zama zote, maana maji ya vilindi enzi za Kretasia, zama za dinosaria, yalikuwa na joto zaidi. Na 79 yenyewe iko mpakani: chini ya takriban nyuzijoto 80 bakteria hula mafuta, kwa hiyo mtego uliojaa mapema, mchanga ukiwa bado karibu na sakafu ya bahari, unaweza kukupa mafuta mazito yasiyotaka kutiririka. Chini ya chumvi nene, kama huko kwenye bonde la Santos, Brazili, mambo hugeuka tena. Chumvi hupitisha joto upesi, miamba iliyo chini yake ikachelewa kuiva.

Kuhusu kisima chako, rudi kwenye punje za kwatzi. Ndani yake kuna vitone vya kimiminika vilivyonaswa wakati simenti, yaani madini yanayoshikamanisha punje za mchanga, inaota. Vimulike kwa mwanga wa urujuanimno. Vyenye mafuta vitang'aa. Kisha pasha moto vitone vya maji vilivyonaswa pamoja navyo mpaka kiputo kipotee, usome joto, ulipeleke kwenye grafu ya uzikwaji, ile inayoonyesha mwamba ulikuwa kina gani na joto gani kila zama. Hapo ndipo tarehe inapopatikana, mradi mwamba haukupita joto hilo mara mbili na hapakupanda maji ya moto kupitia mipasuko.

Vikiwa vingi vinavyong'aa na mchanga umejaa maji, mafuta yaliingia yakatoka. Mwamba chanzo wako hauna hatia. Kagua kifuniko, kagua mipasuko iliyoamka baadaye, kagua kama mtego uliinama. Nitumie grafu ya uzikwaji na joto la vitone. Ile ramani ya modeli yenye wekundu usinitumie, sitaifungua.